Kirabiranya: kwa nini kukata mgomba mmoja kwaweza kuokoa shina zima

Kwa miaka mingi, mkulima aliyeona majani ya mgomba wake yakigeuka manjano na kunyauka ghafla alipewa agizo moja tu: ng'oa shina zima, mama, mtoto na mjukuu, hata kama ni mgomba mmoja unaougua. Utafiti uliofanywa na vyuo vikuu na vituo vya kilimo vya ukanda huu wa Maziwa Makuu umeonyesha kuwa, mara nyingi, agizo hilo lilikuwa kali kupita mahitaji. Jibu lilipatikana ndani ya mishipa ya mmea, mahali ambapo jicho halifiki bila msaada wa maabara.

Kirabiranya, kama ugonjwa huo unavyofahamika hapa kwetu Burundi na kwa jirani zetu wa Rwanda, ni mnyauko unaoletwa na bakteria. Wakulima wa Kagera, nchini Tanzania, huuita unyanjano, na Waganda huuita kiwotoka. Majina yanatofautiana, dalili ni zile zile. Jani hulegea kana kwamba limemwagiwa maji ya moto, kisha hugeuka manjano na kuvunjika. Ua dume, lile fumba jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, husinyaa na kukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, moja hapa na nyingine pale katika mkungu ule ule, na ukizipasua utakuta nyama yake imekuwa ya kahawia, haifai kuliwa wala kukamuliwa pombe. Ukikata gogo kwa panga na kusubiri dakika chache, ute wa manjano mfano wa usaha huanza kuchuruzika kwenye jeraha. Ute huo umejaa bakteria kwa mamilioni.

Si lazima msikilizaji awe na shamba ili habari hii imhusu. Katika kaya nyingi za mlimani, mgomba ndio chakula cha miezi ambayo maharage na mahindi hayajakomaa, ndio urwarwa wa sherehe, na ndio fedha ya karo na ya dawa. Mkungu unaoshushwa sokoni Bujumbura au Gitega umetoka katika shamba la mtu ambaye, ukikosekana mkungu huo, hana kingine cha kuuza wiki hiyo. Ugonjwa huu hauchagui aina: ndizi za kupika, za kuiva na za pombe zote hupatwa. Na hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya mgomba uliokwisha kuambukizwa.

Safari ndefu kutoka Ethiopia

Kirabiranya hakikuanzia kwenye migomba yetu. Mwaka 1968, mtaalamu wa Ethiopia Dagnachew Yirgou na mwenzake Bradbury walichapisha maelezo ya bakteria waliokuwa wakiua enseti, mmea unaofanana mno na mgomba lakini usiozaa ndizi za kuliwa. Katika nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia mamilioni ya watu hula sehemu ya chini ya mmea huo, ambayo huchachushwa ardhini na kuokwa kama mkate. Mwaka 1974 wataalamu hao hao waliripoti kuwa bakteria wale wale wameonekana pia kwenye migomba ya huko.

Kisha ugonjwa ulikaa kimya kwa zaidi ya robo karne, angalau machoni pa walimwengu. Mwaka 2001 ulibainika Mukono, katikati ya Uganda, na karibu wakati huo huo wakulima wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, nao wakaanza kuona migomba yao ikinyauka. Rwanda ulithibitishwa mwaka 2005, baadaye Tanzania na Kenya, na hapa Burundi mwaka 2010.

Je, uliingia mara moja na kusambaa, au uliingia kwa njia zaidi ya moja? Swali hilo lilijibiwa kwa kusoma vinasaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, nchini Uingereza, wakishirikiana na wanasayansi wa Uganda, walilinganisha vinasaba vya bakteria waliokusanywa katika nchi mbalimbali, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo yao. Waligundua koo mbili. Bakteria wa Kongo na Rwanda walikuwa wa ukoo mmoja. Wale wa Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi walikuwa wa ukoo mwingine. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu yaelekea uliingia katika ukanda wetu mara mbili, na ule uliofika Burundi haukuwa ule wa Rwanda, ingawa watu walikuwa wakiuvuka mpaka wetu na Rwanda kila siku. Mimea haina pasi ya kusafiria, lakini vinasaba vya vimelea vyake huhifadhi kumbukumbu ya njia vilikopita.

Kazi hiyo hiyo ya vinasaba ilibadilisha hata jina la kitaalamu la bakteria. Sasa wanaitwa Xanthomonas vasicola, kwa kuwa ilidhihirika kuwa ndugu zao wa karibu ni bakteria wanaoshambulia miwa na mtama. Neno la kwanza la jina hilo linatokana na Kigiriki na maana yake yahusu rangi ya manjano, rangi ile ile ya ute unaochuruzika kwenye gogo lililokatwa. Jamaa mmoja wa jenasi hiyo hufugwa viwandani kwa ajili ya ute wake, ambao hutumiwa kuzito-zitisha mchuzi wa chupa na dawa ya meno. Ute unaomsaidia mwenye kiwanda ndio, katika shamba la mgomba, unaoziba mishipa ya maji.

Mti usio mti

Ili kuelewa kwa nini kukata mgomba mmoja kwaweza kutosha, inafaa kwanza kuutazama mgomba ulivyojengwa. Tunauita mti kwa mazoea tu. Gogo lake ni majani yaliyokumbatiana, ala juu ya ala, na ndiyo maana huanguka kwa pigo moja la panga. Shina halisi la mmea liko ardhini: ni tunguu, bonge la duara lenye unga, ambalo mizizi hutokea pembeni yake na machipukizi hutokea juu yake. Mgomba mmoja huzaa mkungu mmoja na kufa. Tunguu huendelea kuishi kupitia machipukizi. Ndipo mabwana shamba wakazoea kusema kuwa shina moja lenye afya liwe na mama, mtoto na mjukuu. Na katika makala haya, kila tutakaposema shina, tunamaanisha familia hiyo nzima.

Ndani ya familia hiyo hupita mishipa ya aina mbili. Mmoja hushusha chakula kilichopikwa na majani. Mwingine hupandisha maji na chumvi kutoka mizizini. Mishipa ya maji ina siri moja ya ajabu: seli zake hufa ndipo zifanye kazi. Kila seli hujijenga, huimarisha ukuta wake, kisha huyeyusha vilivyomo ndani yake na kubaki bomba tupu lililounganishwa na jirani zake juu na chini. Maji hupita humo bila kizuizi. Lakini bomba tupu halina mlinzi. Halina utando hai wala kiini cha kutoa amri ya kujihami.

Bakteria wa kirabiranya hupenda mahali hapo. Ni wadogo kiasi kwamba ukiwapanga elfu moja kwa mstari, watafikia urefu wa milimita moja au mbili. Hawatoboi ngozi ya mmea wenyewe. Husubiri kufunguliwa mlango. Mlango wa kwanza ni kovu bichi linalobaki pale kikonyo cha ua dume kinapodondosha magamba na maua yake. Nyuki na wadudu wengine huja kunywa utomvu mtamu, nao huhama na bakteria miguuni. Mlango wa pili, na kwa wakulima wengi ndio mkubwa, ni panga. Mtu hukata jani la mgomba unaougua, hufuta jasho, na kwa panga hilo hilo hukata jani la mgomba mzima. Mbuzi anayetafuna majani ya mgomba huu kisha wa jirani naye ameonekana kuueneza.

Wakishaingia, huongezeka ndani ya mabomba na katika nafasi zilizo kati ya seli. Ute wao huyaziba mabomba, maji hayapandi, na jani hunyauka ijapokuwa mvua imenyesha jana. Wala hawatosheki na kuziba. Bakteria wa jamii hii wana kifaa kinachofanana na sindano, ambacho hukichomeka kwenye utando wa seli hai iliyo jirani na kuingiza protini ndani yake. Baadhi ya protini hizo kazi yake ni kuzima kengele ya hatari ya seli. Seli inayoweza kupiga kengele mapema hujihami kwa namna kadhaa: humwaga kemikali kali zenye oksijeni, huziba njia kwa kizibo cha sukari ngumu kinachoitwa kalosi, na pengine hujiua yenyewe pamoja na jirani zake wachache ili mvamizi asipate pa kulia.

Karibu migomba yote tunayoipanda ikichomwa bakteria hawa kwa sindano ya maabara huugua. Mgomba wa mwituni uitwao Musa balbisiana ndio uliojulikana kuhimili. Tofauti tunazoziona shambani kati ya aina na aina mara nyingi si za kinga, bali za mlango: Kayinja, ndizi ya pombe iliyoenea sana Uganda, hudondosha magamba ya ua dume na kuacha makovu wazi, na ndiyo maana iliteketea kwanza. Aina nyingine, kama Nakitembe ya Waganda, hushikilia magamba na maua yake hadi yakauke, na wadudu hawapati pa kuingilia. Lakini panga likija limebeba ute, Nakitembe hufa kama Kayinja.

Swali lililogharimu mashamba

Agizo la kung'oa shina zima lilijengwa juu ya dhana moja: kwamba bakteria wakiingia katika mgomba mmoja hushuka hadi kwenye tunguu, na kutoka hapo huenea katika machipukizi yote. Ikiwa ndivyo, kumwacha mtoto aliyeonekana mzima ni kumfuga muuaji. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, na waliotoa agizo hawakulitoa kwa ukatili. Ila gharama yake ilikuwa kubwa. Kung'oa shina lenye migomba mitano au kumi, tunguu na mizizi yake yote, ni kazi ya kuvunja mgongo, na mwenye shamba la mashina mamia, pengine mjane au mzee, hawezi kuimaliza. Baada ya hapo aliambiwa asubiri nusu mwaka kabla ya kupanda tena. Wengi hawakutii. Walikata majani yaliyonyauka, wakanyamaza, na kwa mapanga yao wakaupeleka ugonjwa mbele. Kwa maoni yetu, agizo lisilotekelezeka huleta madhara yake lenyewe, na hili lilikuwa mfano wake.

Dhana ikapelekwa maabara. Watafiti wa taasisi ya Bioversity International, wakiwemo Guy Blomme na Walter Ocimati, pamoja na wenzao wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda huko Kawanda na Jules Ntamwira wa kituo cha INERA Mulungu, Kivu ya Kusini, waliuliza swali rahisi: je, bakteria hufika kweli kila mahali? Njia yao haikuhitaji mitambo ya ajabu. Mgomba mmoja katika shina huambukizwa kwa makusudi. Baada ya majuma kadhaa hukatwa vipande vidogo vya gogo, vya tunguu upande huu na upande ule, na vya kila chipukizi. Kila kipande husagwa, maji yake humwagwa juu ya lishe katika sahani ya maabara, na baada ya siku chache mtafiti hutazama ni sahani zipi zimeota madoa ya manjano na zipi zimebaki safi.

Sahani nyingi zilibaki safi. Bakteria hawakuenea kila mahali kama maji katika sifongo. Katika mashina mengi baadhi ya machipukizi yalikuwa nao na mengine hayakuwa nao. Na hata kati ya yale yaliyokuwa nao, mengi hayakuugua, yakakua na kuzaa mkungu kama kawaida. Ilionekana pia kuwa njia ya kuingilia ina maana kubwa. Ugonjwa unaoingia kwa ua dume hulazimika kushuka kikonyo chote na gogo lote kabla ya kufika ardhini, na safari hiyo huchukua muda. Ukikatwa mapema, haufiki. Ule unaoingia kwa jeraha la panga karibu na ardhi una safari fupi zaidi.

Sababu mojawapo yapatikana katika umbile la tunguu. Mishipa yake si mabomba yaliyonyooka kama ya gogo. Imesokotana na kukatizana, na kila chipukizi huunganishwa na mama kwa sehemu tu ya mishipa hiyo. Sababu nyingine ni ulinzi wa seli. Utafiti mmoja ulipima kalosi na kemikali za oksijeni katika viungo mbalimbali vya mgomba ulioambukizwa, na ukakuta kuwa viungo havijihami kwa kiwango kimoja. Mgomba, kumbe, si mwathirika mnyonge aliyekaa kungoja kifo. Unapigana, ila haupigani kwa nguvu sawa kila sehemu, na adui akiwa wengi mno hushindwa. Ukimwondoa mgonjwa mapema, unapunguza idadi ya maadui kabla hawajalemea ulinzi wa wale waliobaki.

Kutokana na hayo ikazaliwa njia ya kukata mgomba mmoja unaougua. Mkulima hupita shambani kila juma, na kila anapoona dalili hukata mgomba huo tu, usawa wa ardhi, bila kugusa wengine. Majaribio ya Kivu ya Kusini yalianza katika mashamba yaliyokuwa yameathirika vibaya, na wakulima waliofuata utaratibu huo bila kukatiza walishuhudia kiwango cha migomba inayougua kikishuka hadi chini ya asilimia 2 ndani ya mwaka mmoja. Mashamba hayakubaki matupu hata siku moja.

Pale njia hiyo inapofeli

Neno la kuzingatia katika aya iliyotangulia ni "bila kukatiza". Kukata leo na kurudi baada ya miezi mitatu ni sawa na kutokata. Mgomba ulioambukizwa huweza kukaa majuma matatu au manne, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo mkulima ataona wagonjwa wapya kila juma, na huo si ushahidi kwamba njia imeshindwa. Ni wale waliokuwa wameambukizwa kabla hajaanza.

Panga nalo ni lazima litakaswe kila baada ya mgomba mmoja. Njia ya uhakika na isiyo na gharama ni moto: ncha na makali hushikiliwa juu ya miali mpaka chuma kisiweze kushikika kwa mkono. Dawa ya kung'arishia nguo, iliyochanganywa na maji, hufanya kazi hiyo pia, ingawa utomvu wa mgomba huidhoofisha na hivyo lazima ibadilishwe mara kwa mara. Wakati shamba linasafishwa, ni vyema kuacha kabisa kupunguza majani na machipukizi kwa chuma. Ua dume huondolewa kwa kijiti chenye panda, likizungushwa mpaka livunjike, mara tu kichane cha mwisho cha mkungu kinapojitokeza. Kijiti hakikati, hivyo hakibebi utomvu kutoka mgomba hadi mgomba kama panga linavyofanya. Katika milima mirefu, takriban juu ya mita 1,700, wadudu hawaenezi ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa. Huko panga ndilo la kuangaliwa zaidi.

Na lipo shamba ambalo wakati wake umepita. Ikiwa sehemu kubwa ya migomba imekwisha kunyauka, wataalamu bado wanashauri kuondoa yote, kupanda zao jingine kwa msimu mmoja au miwili na kuanza upya. Bakteria hawa hawadumu sana udongoni pasipo mmea wa kuwahifadhi, na hiyo ni faraja kwa anayelazimika kufika hapo.

Jeni za pilipili hoho

Wakati baadhi ya watafiti wakipima sahani zao, wengine walitafuta kuipa seli ya mgomba uwezo wa kupiga kengele mapema. Ndizi zetu hazina mbegu, kwa hiyo kuzichanganya kwa njia ya kawaida ili kupata aina yenye kinga ni kazi ya miongo. Mtafiti Leena Tripathi wa taasisi ya IITA, akifanya kazi na wenzake wa Kawanda, alichukua jeni mbili za pilipili hoho zilizotambuliwa na wanasayansi wa Academia Sinica ya Taiwan, ambayo iliruhusu zitumike Afrika bila malipo. Jeni moja huongeza kasi ya seli kujiua pale inapovamiwa. Nyingine huongeza zile kemikali za oksijeni. Baada ya majaribio ya maabara, mistari 65 ya migomba hiyo ilipandwa katika shamba lililozungushiwa uzio huko Kawanda, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Baadhi ya mistari haikuugua kabisa, si mama wala mtoto aliyemfuata.

Hata hivyo migomba hiyo haijafika kwa mkulima. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa sheria ya bioteknolojia mwaka 2017, Rais Yoweri Museveni akakataa kuutia saini. Ulirudi bungeni, ukapitishwa tena mwaka uliofuata, na ukakataliwa tena. Miongoni mwa hoja za rais ilikuwa haki ya jamii zilizohifadhi mbegu za asili kwa vizazi, na ulinzi wa mbegu hizo zisichanganyike na zilizobadilishwa. Wapo wanaoona hoja hizo zina uzito, na wapo wanaosema kila mwaka unaopita ni mashamba yanayokufa.

Mwaka 2021 kikundi cha Tripathi, kikifanya kazi Nairobi, kilitangaza njia nyingine isiyoingiza jeni ngeni. Mgomba una jeni yake mwenyewe ambayo kazi yake ni kama breki: huzuia ulinzi wa seli usiwake ovyo. Watafiti waliihariri jeni hiyo ili isifanye kazi, na migomba iliyotokana na seli hizo ilihimili bakteria vizuri zaidi ilipojaribiwa. Breki, bila shaka, haikuwekwa na maumbile bure, na ndiyo maana mimea ya namna hiyo huchunguzwa kwa makini ikiwa inakua na kuzaa sawasawa.

Chipukizi la jirani

Lipo jambo moja katika matokeo ya zile sahani ambalo halijazungumzwa vya kutosha mashambani. Tulisema kuwa baadhi ya machipukizi huwa na bakteria lakini hayaugui. Kwa mwenye shamba hiyo ni neema, kwani atavuna. Lakini chipukizi hilo hilo, likichimbuliwa na kupewa shemeji aliye mkoa mwingine, husafiri na bakteria ndani yake. Kule litapandwa, litakatwa majani kwa panga la shemeji, na ugonjwa utaonekana mahali ambapo haukuwapo. Kwa jinsi tunavyopeana machipukizi, kama zawadi ya arusi, kama msaada kwa anayeanza maisha, bila mtu kuuliza yametoka wapi, njia hiyo ni pana kuliko barabara yoyote.

Kwa hiyo, mwenye shamba aliyeokoa mashina yake kwa kukata mgomba mmoja mmoja anaruhusiwa kula na kuuza ndizi zake nzima, ila asichimbue mche wa kumpa mtu, wala wa kupeleka katika shamba lake jingine. Anayehitaji miche ya kuanzia na auchukue katika shamba ambalo halijawahi kuonekana ugonjwa, au anunue miche ya tishu. Miche hiyo huanzia kwenye ncha changa ya chipukizi, kipande kidogo ambacho mishipa ya maji bado haijakifikia. Hukuzwa ndani ya chupa, juu ya lishe, hadi kigawanyike na kuwa miche kadhaa. Hutoka maabara ikiwa safi, lakini haina kinga yoyote. Ikipandwa katika shamba lenye panga chafu, itanyauka kama mingine. Bei yake ni kubwa kuliko ya chipukizi la jirani, ambalo aghalabu hutolewa bure, na kwa mkulima anayehesabu kila faranga hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu.